Stendi ya cherehani ya zamani na mbao za paleti: nifanyeje meza isipinde?

NdiziMshale (Moshi)

Habarini wadau. Nina stendi ya chuma ya cherehani ya kukanyaga, ile yenye jina la Singer katikati ya miguu, imetoka kwa muuza vyuma chakavu. Haina kichwa wala meza yake ya mbao. Nina pia paleti nne. Lengo ni meza ya kusomea ya sm 110 kwa 55, ikae sebuleni.

Hali ilivyo: kutu imejaa, hasa kwenye pedeli na gurudumu, na gurudumu halizunguki kabisa. Mguu wa kushoto una ufa wa kama sm 4 unaoanzia kwenye tundu la juu la skrubu. Paleti mbili zina muhuri, mbili hazina, na zote zimekaa nje tangu mvua za masika.

Naomba kujua: paleti zipi ni salama kuingiza ndani? Kutu niitoe kwa nini bila kuharibu yale maua ya chuma? Ufa huo, fundi wa kuchomelea anasema ni kazi ya dakika tano, nimkubalie? Na kubwa zaidi, mbao niziunge vipi zisije zikajikunja kama bakuli baada ya miezi miwili? Natanguliza shukrani.

KabariNne (Arusha, Sakina)

Karibu mkuu. Najibu upande wa mbao tu, chuma waje wenye chuma.

Soma mihuri kwanza, kabla hujagusa msumeno. Muhuri wa kimataifa una alama ya suke la ngano, pembeni herufi mbili za nchi, namba ya mtengenezaji, halafu herufi za namna mbao zilivyotibiwa. HT maana yake zilipashwa moto mpaka kiini cha ubao kikafika nyuzi 56 za Selsiasi na kikakaa hapo dakika 30 mfululizo. Hapo hakuna kemikali, hizo ndizo za kutumia. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromaidi. Hizo usiingize ndani, na usizichome jikoni. Ukiona DB, inasema tu kwamba gome lilitolewa, si dawa.

Lakini muhuri hausemi paleti ilibeba nini baada ya hapo. Huku kwetu mashamba ya maua na mboga ni mengi, na paleti moja inaweza kubeba maboksi leo, kesho dawa ya kunyunyizia. Yenye doa la mafuta, harufu kali ukiinusa karibu, au unga mweupe au wa kijani kwenye nyufa, weka kando hata kama ina HT. Zisizo na muhuri mara nyingi zimepigwa humu humu nchini, paini au mkaratusi. Si lazima ziwe mbaya, ila historia yake huijui, na mkaratusi uliokatwa mbichi unapasuka na kujisokota vibaya mno. Fanyia rafu ya kuwekea vyungu vya maua nje. Meza mtu anayoegemeza mikono kila siku, tumia zenye HT peke yake.

Kuzivunja: usitumie mtaimbo. Misumari ya paleti imesokotwa mwilini ili isitoke, ukilazimisha ncha za ubao zinapasuka na unapoteza sm 10 kila upande. Pitisha lisu la msumeno wa kukatia chuma (lisu tupu, limefungwa kitambaa upande wa kushika) kati ya ubao na kigogo cha chini, kata msumari wenyewe. Kichwa kinabaki kwenye ubao, unakisukuma kwa nyuma na pini butu na nyundo. Ukimaliza pitisha sumaku juu ya kila ubao pande zote mbili. Sumaku ya spika mbovu inatosha. Kipande kimoja cha msumari kikibaki, mwenye mashine ya kuranda ataharibu visu vyake na hatakupokea tena.

Sasa ukavu, na hapa ndipo meza nyingi za paleti zinapofia. Mbao zilizonyeshewa masika ukiziunga wiki hii, zitaendelea kusinyaa zikiwa tayari zimegundishwa, na kitakachotokea ni nyufa kwenye maungio au bakuli unaloliogopa. Zipange kivulini panapopita hewa, chini ya paa, zimeinuliwa sm 20 kutoka sakafuni. Kati ya safu na safu weka vibanzi vya unene mmoja, kila sm 40, vikae vimenyooka juu kwa chini. Juu kabisa weka mzigo, tofali nne au tano. Usizianike juani: uso unakauka haraka, kiini bado kibichi, ubao unapasuka ncha. Kujua zimekauka hakuhitaji kifaa cha bei. Chukua mbao mbili, ziandike namba, zipime kwenye mzani wa jikoni kila Jumamosi. Uzito ukiacha kushuka wiki mbili mfululizo, anza kazi. Wiki tatu hadi tano kwa kawaida.

Hesabu ya uso wa meza: ubao wa paleti wa sm 9.5 ukinyooshwa kingo unabaki kama 9. Sita zinakupa 54, kwa hiyo unga saba halafu ukate pande zote mbili ufike 55. Tenga nane au tisa maana moja mbili zitakukataa. Unene ukitoka kwenye randa utakuwa mm 15 hadi 16, unatosha ukiweka vipingo vitatu (mbao za kukatiza) chini.

Kingo ndizo kila kitu. Weka mbao mbili kingo kwa kingo, zishike mbele ya dirisha. Ukiona mwanga unapita, randa tena. Gundi haijazi pengo, inaunga mbao zinazogusana. Paka gundi nyeupe ya mbao nyembamba kingo zote mbili na ubane. Huna klampu ndefu? Pigilia vipande viwili vya mbao nene kwenye ubao mpana, nafasi yake izidi meza yako kwa sm 4, weka mbao zako katikati, kisha gonga kabari mbili zinazokabiliana. Kabari zinabana kuliko klampu nyingi za dukani. Tandika nailoni chini zisigande, na weka mzigo juu ili mbao zisiruke katikati. Gundi itokeze vitone vidogo mstari mzima. Isipotokea, umepaka kidogo, na ikimwagika kama uji, umepoteza gundi.

Acha saa 24. Juni na Julai, usiku wa Arusha na hata huko Moshi kwenye miinuko, gundi hii haipendi baridi: ikikaukia kwenye baridi kali inageuka kama chaki na haina nguvu. Unga saa tano au sita mchana.

Vipingo vya chini: mbao tatu za sm 4 kwa 2, urefu sm 48, zikipita kukatiza nyuzi. USIZIGUNDISHE. Mbao hutanuka na kusinyaa upande wa upana, na kwenye sm 55 za paini unaweza kupata mm 3 hadi 5 kati ya kiangazi na masika. Ukizibana kwa gundi, uso utapasuka. Toboa kipingo: tundu la katikati la kawaida, matundu mawili ya pembeni yawe marefu kama kijishimo cha mm 10, urefu wake ukifuata upana wa meza. Skrubu yenye washa, ikazwe kiasi cha kushika tu. Utaratibu ni huo huo pale meza inapokaa kwenye stendi.

MotoMdogo (Arusha, Unga Limited)

Nachukua chuma.

Jibu la ufa kwanza, kabla huyo fundi hajaja: HAPANA. Stendi hiyo ni kasti, chuma cha kusubu, si chuma cha geti. Ukipiga vijiti vya kawaida, sehemu iliyopata moto inakuwa ngumu kama kioo, na ikipoa unasikia "tik": ufa mpya pembeni ya ule uliozibwa. Dakika tano zake zitakuachia nyufa mbili.

Njia tatu zinafaa. Kuna vijiti vya nikeli, ambapo mguu unapashwa moto kwanza, unaunganishwa vipande vifupi vifupi, kisha unafukiwa kwenye majivu makavu upoe taratibu mpaka kesho yake. Kuna kuunga kwa shaba kwa moto wa gesi, joto lake ni dogo na kasti inalivumilia. Na kuna kiraka cha bolti, ambacho ndicho ningekushauri kwa ufa wa sm 4 kwenye meza ya kusomea, kwa sababu hakihitaji moto kabisa.

Tafuta mwisho wa ufa. Futa kwa mafuta ya taa, kausha, sugulia chaki. Mafuta yaliyobaki ndani ya ufa yatachora mstari wenyewe na utaona unaishia wapi hasa, mara nyingi sm moja mbele ya ulipodhani. Toboa tundu la mm 3 mwisho huo. Kwako ufa unaanzia tundu la skrubu, kwa hiyo ncha ni moja tu. Tundu la mviringo linazuia ufa usiendelee. Kisha chukua bamba la chuma laini unene wa mm 3, upana wa sm 2.5, urefu sm 12, liweke kwa nyuma pasipoonekana, bolti nne za mm 6, mbili kila upande wa ufa, zikae mbali nao sm 1.5 au zaidi. Kasti inatobolewa kavu bila mafuta, drili mwendo wa taratibu, unga mweusi unatoka. Kaza kwa mkono halafu robo mzunguko. Ukilazimisha, kasti haipindi, inakatika.

Kwa sababu hiyo hiyo usipige nyundo popote wakati wa kufungua. Bolti zilizoganda zipe dizeli kila asubuhi na jioni siku tatu. Ikikataa, pasha nati, si bolti, halafu jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza.

Rangi nyeusi ya zamani usiisugue kavu. Rangi za enzi hizo zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto. Lowanisha, vaa barakoa, kusanya uchafu kwenye gazeti.

Kutu: toa grisi kwanza kwa mafuta ya taa na brashi ngumu, bila hivyo hakuna njia itakayofanya kazi. Miguu na fremu: brashi ya waya ya mkono kwenye maua, brashi ya kikombe kwenye grinda sehemu bapa tu, pale rangi ya zamani ilipokwisha kutoka. Grinda ndani ya maua inalamba kingo na jina linafifia. Vitu vidogo, bolti na fito, vizamishe kwenye siki nyeupe saa 12 hadi 24, visugue, visuuze kwa maji yenye magadi ili asidi ife, vikaushe hapo hapo kwa moto mdogo.

Pedeli na gurudumu, kwa kuwa vimeliwa sana, vifanyie umeme: beseni la plastiki, maji, magadi kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4, chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi kwenye kitu chenye kutu, waya chanya kwenye kipande cha chuma chakavu, visigusane. Saa 6 hadi 12. Fanyia nje, maana mapovu yale ni haidrojeni, inalipuka kwa cheche. Zima chaja kabla ya kuingiza mkono. Na chuma chakavu kisiwe cha pua, kile cha masufuria yanayong'aa: kinatoa sumu ya kromi majini.

Kutu ikishatoka paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Kasti tupu ikilala usiku mmoja kwenye ukungu wa huku, asubuhi ni ya rangi ya chungwa. Mbili nyembamba za kuzuia kutu, mbili za mafuta nyeusi isiyong'aa sana. Watu wengi hupaka jina rangi ya dhahabu. Mimi naona linapendeza zaidi likiachwa jeusi, mwanga wa dirisha unalichora wenyewe.

TundikaTaa (Moshi, Majengo)

Nyongeza fupi kwa mnaosoma na bado mna cherehani nzima: msitenganishe. Mafundi wengi wa nguo barazani bado wanashonea hizi, na nzima inayoshona ina thamani kuliko meza. Angalieni namba kwenye kitako cha kichwa. Singer ilianza kuweka herufi moja mbele ya namba mwaka 1900 na herufi mbili mwaka 1935. Namba isiyo na herufi ni ya kabla ya 1900. Nyingi zenye herufi zilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa 1980. Stendi peke yake haina namba ya kukupa mwaka. Ya NdiziMshale haina kichwa, kwa hiyo kuifanya meza ni sawa kabisa.

Jambo la pili, magadi. MotoMdogo yuko sahihi, ila yale mabonge ya sokoni ya kulainishia maharage, yatokayo upande wa Ziwa Natron, yana chumvi ndani yake. Chumvi kwenye beseni la umeme inatoa gesi ya klorini na inabaki kwenye vinyweleo vya kasti, kutu inarudi chini ya rangi. Nunua magadi soda safi ya kufulia. Ukikosa, suuza mara tatu kwa maji ya moto.

MotoMdogo (Arusha, Unga Limited)

Kweli kabisa dada, asante. Ya kufulia, si ya maharage.

NtaNaMsasa (Arusha, Njiro)

Mmemwachia mipako, basi niseme.

Msasa 80 kutoa alama za randa, 120, kisha 180, daima kufuata nyuzi. Usipande hadi 320 kwenye ubao mtupu, uso unafunga na vanishi haishiki. Vifundo vya paini vinatoa utomvu hata baada ya mwaka, vipake shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti mara mbili kabla ya kitu kingine. Matundu ya misumari yaache wazi kama unapenda sura yake, lakini kwa meza ya kuandikia yazibe: vumbi la msasa 120 wa mbao hizo hizo, changanya na gundi mpaka iwe kama ugali laini, jaza izidi kidogo, sugua ikikauka. Litakuwa doa jeusi kidogo, ni kawaida.

Kwa uso utakaopata vikombe vya chai ya moto, chukua vanishi ya poliyurethani ya mafuta. Nusu lita inatosha: eneo lako ni mita za mraba 0.6 juu na 0.6 chini. Mkono wa kwanza ongeza tapentaini sehemu moja kwa tano ili inywewe. Ya pili na ya tatu bila kuchanganya, nyembamba, saa 24 kati yake, msasa 320 kwa wepesi katikati. Koroga kwa kijiti, usitikise kopo, mapovu hayo yatakauka usoni.

Upande wa chini upate mikono ile ile mitatu. Wengi hupaka juu tu. Chini ikibaki tupu inanywa unyevu, juu hainywi, na ubao uliokauka vizuri kabisa unajikunja kwa sababu hiyo peke yake.

Kuhusu klia, ile vanishi angavu ya kupulizia inayotumiwa na mafundi wengi wa sofa: inakauka haraka na inapendeza, lakini ukipulizia asubuhi ya ukungu kati ya Machi na Mei inageuka nyeupe kama maziwa, kwa kuwa thina ikiruka inapoza uso na unyevu wa hewa unanasa ndani. Na chai ya moto inaacha duara. Kwa kabati sawa, kwa meza hii hapana.

Ukichagua mafuta ya kitani badala ya vanishi, matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa kwenye kona. Yanapata joto yenyewe na kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje mpaka yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

NdiziMshale (Moshi)

Nashukuru sana wote. Wiki nne zimepita. Ubao namba 1 ulianza gramu 1,240, wiki mbili zilizopita 1,060, Jumamosi iliyopita 1,060, leo 1,060. Kiraka cha bolti kimekaa, na mwisho wa ufa kweli ulikuwa mbele zaidi ya nilivyoona. Pedeli na gurudumu vimetoka safi.

Yamebaki mawili. Mbao mbili kati ya nane zimejikunja kwa upana, ukiweka rula katikati kuna pengo la mm 4. Je, skrubu za kwenye vipingo zitazinyoosha? Na gurudumu sasa linazunguka vizuri mno, mtoto wa miaka mitatu ameshaligundua.

KabariNne (Arusha, Sakina)

Uzito umetulia, endelea. Skrubu hazitanyoosha. Zitabana ubao ukiwa na hasira, na siku ya joto kali utapasuka katikati. Kila ubao uliokunjika upasue kwa urefu katikati, upate vipande viwili vya kama sm 4.5. Pengo la mm 4 linakuwa mm 1 tu kwa kila kipande, na hiyo randa inaimaliza. Geuza kipande kimoja juu chini kabla ya kuunga, nyingine ielekee juu na nyingine chini. Unapoteza mm 3 za msumeno na mm 2 za kunyoosha kingo, na kwa mbao saba bado unabaki na zaidi ya 55. Ule wa nane weka akiba.

MotoMdogo (Arusha, Unga Limited)

Gurudumu: toa ile fito inayounganisha pedeli na gurudumu, hapo pedeli haiendeshi kitu. Halafu pitisha bolti ya mm 8 yenye washa pana kati ya mikono ya gurudumu na fremu yenyewe, weka mpira wa tairi ya baiskeli kati ya chuma na chuma usikwaruze rangi, kaza nati mbili moja juu ya nyingine zisilegee. Pedeli nayo ifunge chini kwa mpira huo huo, maana kidole cha mtoto kinabanwa pale nyuma, si mbele. Fito na bolti zake zitie kwenye mfuko wenye grisi, zifunge kwa waya chini ya uso wa meza. Siku ukipata kichwa, stendi inarudi kuwa cherehani bila kutafuta kipuri.